Bibi wa miaka 88 ananong'ona, televisheni inapiga kelele: nani aliwabadilisha Wazungu kuhusu mambo ya mapenzi?

#1 ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za jioni.

Natunza wazee huku Uingereza, mwaka wa sita sasa. Kuna bibi mmoja wa miaka 88 ambaye nimemhudumia tangu mwaka jana. Juzi namsaidia kulala, televisheni ilikuwa na kipindi cha vijana wanaochaguana wapenzi. Wanasema waziwazi mambo ambayo mimi na umri wangu huu siwezi kuyataja mbele ya shemeji yangu. Bibi akaniambia nizime. Kisha, mlango umefungwa na chumbani tuko wawili tu, akaninong'oneza kwamba mwaka 1956, akiwa na miaka 19, alizaa kabla ya kuolewa. Mtoto alichukuliwa akiwa na wiki sita. Mume aliyemuoa baadaye alikufa bila kujua. Watoto wa ndoa hawajui hadi leo.

Kilichonitikisa ni ule mnong'ono. Tulikuwa wawili, na bado alinong'ona.

Maelezo niliyozoea kuyasikia ni kwamba zamani dini iliwabana, baadaye wakafunguka. Siku hizi siyaamini. Mtu aliyefunguka haulizwi kila dirisha anampenda nani. Mimi nimejaza fomu ya daktari, nikaulizwa. Fomu ya kazi, nikaulizwa. Sensa ya 2021 ya England na Wales nayo iliuliza kwa mara ya kwanza, ingawa kujibu kulikuwa hiari. Naona kama mwenye mamlaka hajaondoka, ila amegeuza amri: mwanzo alisema "nyamaza", sasa anasema "jieleze".

Wenye uelewa naomba mnisaidie. Nani hasa aliwabadilisha?

#2 KijiweChaKahawa

Nimevuta kiti. Ila wale wa zamani nao walizidi. Enzi za Malkia Victoria walivalisha miguu ya piano vitambaa, eti mguu ukionekana unaleta mawazo machafu. Jamii iliyobanwa kiasi hicho lazima siku moja ipasuke.

#3 DerevaMinnesota

Jibu ni kidonge, mkuu. Vidonge vya majira viliidhinishwa Marekani mwaka 1960, Uingereza vikafuata mwaka mmoja baadaye. Aibu ilikuwa mlinzi wa mimba. Mimba ikidhibitiwa, mlinzi anakosa kazi. Mengine ni maneno ya wasomi.

#4 BintiPangani

KijiweChaKahawa, ile ya piano haikuwahi kuwa desturi ya Waingereza. Iliandikwa 1839 na Frederick Marryat, nahodha wa jeshi la majini la Uingereza, akisimulia safari yake ya Marekani. Alidai aliona shule ya wasichana ambako miguu ya piano ilivalishwa visuruali. Waingereza waliisimulia kuwacheka Wamarekani. Karne ya 20 wajukuu wao wakaichukua hadithi ile ile na kuwabandika babu zao. Kwangu mimi hiyo ni sehemu ya jibu lenyewe: ili ujione umefunguka, unamhitaji babu aliyefungwa, na akikosekana unamtunga.

ZamuYaUsiku, hilo la "nyamaza" na "jieleze" Mfaransa Michel Foucault aliliandika mwaka 1976, katika juzuu ya kwanza ya historia yake ya ujinsia. Anasema tukitazama Ulaya ya karne ya 18 na 19 kwa makini, ukimya tunaouhadithiwa hauonekani. Madaktari wanaandika, mahakimu wanaandika, walimu wanapima umbali wa kitanda na kitanda kwenye mabweni, maofisa wa serikali wanahesabu vizazi na umri wa kuoana. Kila mmoja anataka maelezo zaidi. Anataja watu wanne waliochunguzwa kuliko wote: mwanamke aliyeitwa wa histeria (yaani mwenye kupagawa kwa hisia), mtoto anayejichua, mume na mke wanaopanga idadi ya watoto, na mtu mzima aliyeitwa mpotofu. Katika hesabu hiyo mamlaka si rungu peke yake, ni pamoja na kiti, kalamu na mtu aliyetulia kukusikiliza.

#5 Mwanasemina

Naunga mkono, na naomba nirudishe saa nyuma zaidi. Nilikaa seminari miaka saba kabla ya kuona kwamba wito wangu uko kwingine.

Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1215, uliagiza kila muumini aliyefikia umri wa kupambanua aungame kwa padri wake walau mara moja kwa mwaka. Yaani mkulima na mfalme, wote, kila mwaka wajipekue. Jambo ambalo mtu angelifanya na kulisahau sasa lazima litafutiwe maneno na kukabidhiwa masikio ya mwingine. Mapadri wakaandikiwa miongozo ya namna ya kuuliza: na nani, mara ngapi, katika hali gani. Karne ya 16 Kardinali Carlo Borromeo wa Milano akakiweka kile kibanda chenye wavu kati ya padri na muungamaji, maana kukaa ana kwa ana na wanawake kulizua mashaka.

Kitu kimoja sijakisahau. Mwalimu wetu alituonya kwamba kwenye amri ya sita, ile ya usizini, tuulize kidogo sana, kwa sababu swali la padri linaweza kumfundisha mtu dhambi ambayo hakuwa anaijua. Niliandika kwenye daftari kama kanuni ya kawaida. Miaka ishirini baadaye ndipo nimeona uzito wake.

#6 UstadhiTanga

Assalaam alaykum. Mnazunguka mbali. Kwetu dhambi husitiriwa, na mja hutubu kwa Mola wake bila padri wala daktari kati yao. Hao wamezoeshwa kumwambia binadamu siri zao kwa mamia ya miaka. Imani ilipopungua, tabia ya kusema ikabaki, ndiyo maana wanaiambia kamera. Na halali na haramu haziletwi na mijadala ya watu.

#7 KijiweChaKahawa

Binti, nimesahihishwa, ahsante. Ile ya piano nimeisimulia kijiweni miaka kumi, kesho nina kazi.

Ustadhi amegonga penye uzito. Lakini Waingereza waliachana na Roma karne ya 16. Huyu bibi wa ZamuYaUsiku pengine hajawahi kuingia kibandani maishani mwake. Mwanasemina, kitubio kitamwelezaje mtu asiyekijua?

#8 Mwanasemina

Swali halali. Kibanda kilibaki kwa Wakatoliki, lakini kazi yake ikahamia kwa daktari, tena katika miji ya Kiprotestanti. Mwaka 1760 Samuel-Auguste Tissot, daktari wa Lausanne huko Uswisi, alitoa kitabu juu ya punyeto. Alidai inakausha mwili, inaharibu mishipa, inapofusha macho. Leo tunajua hakuna ukweli hapo, ila wakati ule alikuwa daktari mwenye heshima kubwa, na Ulaya ilimsikiliza kwa zaidi ya miaka mia moja. Wazazi wakaanza kuwachungulia watoto usiku. Vikabuniwa vifaa vya kuwafunga. Jambo ambalo padri angelipa malipizi ya sala tatu likageuka ugonjwa unaohitaji mlinzi, dawa na bwana mwenye cheti.

#9 FundiCherehani

Fuateni hela, ndugu zangu.

Mwanamke wa Uingereza aliyezaa nje ya ndoa alikuwa gharama kwa parokia, na parokia ililishwa na kodi. Sheria ya zamani ilimsaka baba alipe. Mwaka 1834 ikaja Sheria mpya ya Maskini, ikamwachia mama mzigo wote wa mtoto asiye na ndoa. Hoja iliyotolewa ni kwamba ukimrahisishia unamharibu. Baada ya miaka kumi ilibidi walegeze, kwa sababu maumivu yalikuwa wazi mno. Lakini tayari aibu ilikuwa imeshapewa jinsia: mwanamume anatembea, mwanamke anabeba. Bibi wa mwaka 1956 alirithi hiyo. Mimi sioni haja ya kumtafuta Mfaransa.

#10 WakiliMvita

Salamu kutoka Mombasa. Padri na daktari bila askari ni washauri tu, kwa hiyo naomba sheria nayo isikilizwe.

Mwaka 1533, chini ya Mfalme Henry VIII, kulawiti kulitolewa katika mahakama za kanisa kukawa kosa la serikali, adhabu yake kunyongwa. Wawili wa mwisho kunyongwa kwa kosa hilo Uingereza ni mwaka 1835. Adhabu ya kifo ikafutwa 1861. Kisha 1885 kikaongezwa kipengele kuhusu wanaume na "uchafu mkubwa" bila kueleza ni tendo gani hasa, na kutoeleza huko kulikipa meno. Ndicho kilichomfunga mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895, miaka miwili na kazi ngumu. Ndicho kilichomtia hatiani mwanahisabati Alan Turing mwaka 1952. England na Wales walilegeza 1967, Scotland 1980, Ireland ya Kaskazini 1982 baada ya kushindwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Visiwa vile vile, na mtu angeweza kuvuka mpaka wa ndani akawa mhalifu.

#11 DerevaMinnesota

Na hiyo hiyo ndiyo wakatuletea kupitia India. Sheria zetu za leo ni kile kifungu cha 377 cha mwaka 1860.

#12 WakiliMvita

Nusu yake ni kweli, ndugu yangu. Kanuni ya adhabu ya India ilitumika Kenya tangu 1897. Lakini mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa kanuni mpya, na mzizi wake ni ile ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Kwa hiyo India walipokibatilisha kifungu chao kwa watu wazima walioridhiana mwaka 2018, chetu hakikuguswa. Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kukibatilisha cha Kenya mwaka 2019. Nimejibu kwa kuwa limetajwa. Turudi Ulaya.

#13 BintiPangani

Wakili, nakuheshimu, lakini Ufaransa inakuvuruga hesabu. Kanuni yao ya adhabu ya 1791 ililiacha kosa hilo kabisa, halikuandikwa. Pamoja na hayo, polisi wa Paris karne ya 19 waliendelea kuwaorodhesha wanaume hao kwenye madaftari, majina, makazi, wanaojuana nao. Sheria hakuna, daftari lipo.

Halafu tazameni neno lenyewe. Neno la Kizungu la mtu anayependa jinsia yake, lile linaloanza na "homo", halikuwepo kabla ya miaka ya 1860. Kulikuwa na tendo, na jina la dhambi ya tendo. Kwa sarufi yetu, walikuwa wanasema "alifanya". Ndani ya kizazi kimoja wakaanza kusema "yeye ni". Foucault anaiweka tarehe 1870, kwenye makala ya daktari wa Berlin, Karl Westphal. Mwaka 1886 Krafft-Ebing wa Austria akatoa kitabu kizima cha kuwapanga watu kwa makundi kama mtu anayepanga vipepeo. Kutoka hapo daktari hakuulizi umefanya nini. Anakuuliza wewe ni nani, tangu utotoni.

#14 WakiliMvita

Dada, nami nikusahihishe kwa upendo. Neno hilo lilichapishwa kwanza mwaka 1869, na aliyelitunga si daktari. Ni mwandishi Károly Mária Kertbeny, na aliliandika katika vijitabu vya kupinga sheria ya Prussia iliyowafunga watu hao. Lilizaliwa kama utetezi, madaktari wakaja kulichukua. Prussia haikumsikiliza, na mwaka 1871 kosa likaingia katika kanuni ya Ujerumani nzima kama kifungu cha 175. Wanazi wakakikaza 1935. Ujerumani Magharibi ikakilegeza 1969. Kilifutwa moja kwa moja 1994.

#15 BintiPangani

Nimepokea, na hilo la Kertbeny linaongeza utamu. Foucault mwenyewe alisema jina ulilobandikwa unaweza kulishika na kulirudisha kama silaha. Daktari Magnus Hirschfeld alifungua taasisi yake Berlin mwaka 1919 kwa lugha hiyo hiyo ya kitabibu, akidai haki. Mei 1933 Wanazi waliivamia, na vitabu vyake vikachomwa hadharani siku chache baadaye.

#16 NesiLeeds

Nimesoma yote, ahsanteni. Mimi ni nesi, miaka 17 katika fani, na ninalo la kusema kama mwanamke na kama mtu wa hospitali.

Fundi amesema hela, Wakili amesema sheria. Kuna sheria moja inayobeba vyote, na hakuna aliyeigusa. Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilikuwa na hofu kwamba wanajeshi wanaumwa kaswende na kisonono. Wakapitisha sheria ya magonjwa ya kuambukiza, wakaipanua 1866 na 1869. Katika miji ya kambi na bandari, polisi aliyemshuku mwanamke kuwa kahaba angeweza kumpeleka akapimwe sehemu za siri kwa nguvu ya sheria. Akikutwa na ugonjwa anafungiwa hospitali kwa miezi. Wanajeshi wenyewe hawakupimwa. Walikuwa wameachwa kupimwa miaka michache kabla, kwa sababu ilionekana inawavunjia heshima.

Heshima ya nani ilihesabiwa, jibu mnalo.

Aliyewapinga ni Josephine Butler pamoja na wanawake wenzake, kuanzia 1869. Mwanamke mwenye adabu zake, mke wa kasisi, akapanda majukwaani kutaja kwa sauti vifaa ambavyo madaktari walivitumia. Walirushiwa vitu, walitukanwa. Sheria ikafutwa 1886. Hivyo msiniambie walinyamaza wote, halafu wakasemeshwa wote. Wengine walisema kwa sababu miili yao ilikuwa inashikwa.

Na huyo Foucault, Binti, nilimsoma chuoni, kuna ukurasa haujawahi kunitoka. Anasimulia kisa cha kijiji cha Lapcourt mwaka 1867. Kibarua mmoja mwenye akili nzito alimgusa mtoto wa kike, akashtakiwa, madaktari wakampima fuvu na kumwandikia ripoti. Foucault anakiita jambo dogo la kijijini lililokuzwa na wataalamu. Mtoto yule haulizwi chochote katika ukurasa ule. Wanafalsafa wanawake, Linda Alcoff akiwemo, wamemkosoa kwa hilo. Mimi nimekaa na watoto walioletwa wodini usiku. Kwangu si jambo dogo.

#17 BintiPangani

Nesi, sina cha kumtetea hapo. Nimerudia ukurasa huo sasa hivi na uko sahihi.

#18 MamaGöteborg

Salaam wapendwa. Nipo Sweden mwaka wa 22. Huku ndiko kunakosifiwa kuwa wamefunguka kuliko wote, basi niwape picha yake kamili.

Sweden ililazimisha elimu ya ujinsia shuleni mwaka 1955, kabla ya wengine wote. Wanangu wamefundishwa bila aibu, na mimi nimeona faida yake. Lakini serikali hiyo hiyo, kwa sheria ya 1934 iliyopanuliwa 1941, ilifunga vizazi vya watu hadi katikati ya miaka ya 1970. Hesabu inayotajwa ni karibu 63,000, wengi wao wanawake. Siyo wote waliburutwa. Wengi "waliridhia", lakini ridhaa yenyewe ilikuwa sharti la kuruhusiwa kutoka taasisini, au kuoa, au kutoa mimba. Fidia ilikuja 1999. Na aliyetaka kubadilishiwa jinsia kwenye karatasi za serikali alitakiwa kwanza awe tasa, hadi mwaka 2013.

Ofisi moja, kalamu moja. Asubuhi inaandika kitabu cha kumfundisha mtoto kuhusu mwili wake, mchana inaandika nani asizae.

#19 DerevaMinnesota

Mama, hapo umenigusa, kwa sababu huku pia ipo. Mahakama Kuu ya Marekani ilibariki kumfunga kizazi Carrie Buck wa Virginia mwaka 1927.

Na nakubali sikuwa sahihi kusema kidonge peke yake. Nimekwenda kuangalia tarehe. Kidonge 1960, lakini Connecticut ilikuwa na sheria iliyokataza hata wanandoa kutumia njia za uzazi wa mpango hadi mahakama ilipoivunja 1965. Wasio na ndoa walipata haki hiyo nchi nzima mwaka 1972. Kwa hiyo kidonge kilikuwa dukani miaka 12 huku mlango ukifunguliwa kwa ngazi: kwanza wenye cheti cha ndoa, kisha wengine.

Ila kuna jambo mnaliruka, nalo ni rangi. Virginia ilipitisha sheria ya 1924 iliyokataza Mzungu kuoana na mtu mweusi. Mildred, mwanamke mweusi, na mumewe Mzungu Richard Loving waliingiliwa chumbani usiku wakiwa wamelala, na cheti chao cha ndoa kimetundikwa ukutani. Mwaka 1959 walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, wasiende jela wakikubali kuhama jimbo kwa miaka 25. Walishinda 1967. Alabama iliacha marufuku hiyo kwenye katiba yake hadi 2000, na kura ya kuiondoa ilipopigwa, karibu watu wanne kati ya kumi walitaka ibaki. Mke wangu ni Mzungu wa hapa. Kila tukipita kusini na lori namkumbuka Richard. Kwa Marekani, maswali ya nani alale na nani hayawezi kutenganishwa na swali la nani arithi shamba na nani abaki mtumwa. Padri wa 1215 hakuwepo hapo.

#20 FundiCherehani

Shamba. Tumerudi kwenye hela.

#21 KijiweChaKahawa

Fundi wewe hata mvua ikinyesha utasema ni hela.

Lakini nina swali kwa Binti. Hilo neno "ujinsia" umelitoa wapi? Bibi yangu angekuuliza ni dawa ya nini.

#22 BintiPangani

Hahaa, bibi yako ana haki. Nimelisikia kwanza kwenye semina yenye posho na vitabu vya picha. Kiswahili cha nyumbani kina unyumba, mapenzi, jimai, ngono, kulala na mtu, kila neno na mahali pake na mtu wa kuambiwa. Hakikuwa na neno moja la kukusanya vyote na kusema "hiki ni kitu kimoja, kipo ndani yako, na kinaeleza wewe ni nani". Ulaya nako neno hilo kwa maana hiyo ni la karne ya 19.

Foucault alitenganisha njia mbili. Kuna jamii, akitaja China, India, Japani, Roma ya kale na Waislamu wa Uarabuni, zilizokuwa na sanaa ya mapenzi: mjuzi anampa mwanafunzi maarifa, kwa siri na kwa hatua. Magharibi walichagua sayansi: anayesema ni mwanafunzi, mjuzi anasikiliza na kuandika. Nilipoisoma nilimkumbuka somo wangu, yule kungwi aliyenifunda unyagoni, Pangani. Siku saba ndani, na katika siku hizo saba mimi sikuulizwa lolote. Yeye ndiye aliyesema, akaimba, akanionesha. Siri alikuwa nayo yeye.

#23 MamaGöteborg

Mwanangu, na mimi nimechezwa, nisikupinge bure. Lakini usiifanye pepo. Kungwi wangu alinifundisha kujipenda, na katika wimbo uleule akanifundisha kwamba mume akikupiga usitoke nje. Hata huko kuna mtu anayeamua unajua nini na lini. Binti wa Kiswidi akiandika kwenye fomu ya shule kwamba baba yake anamgusa, kuna mtu anakuja mlangoni. Hiyo "jieleze" mnayoilalamikia imeokoa watu.

#24 UstadhiTanga

Mama amesema haki. Siri ya dhalimu haisitiriwi, hata kwetu.

#25 NesiLeeds

Nashukuru Ustadhi. Naongeza: England mume alihesabika hawezi kumbaka mkewe, kwa maneno ya jaji Matthew Hale wa karne ya 17, hadi majaji wa juu kabisa walipoyatupa mwaka 1991. Ujerumani ni 1997. Maneno yale yalidumu kwa sababu yaliandikwa na jaji, na yalianguka kwa sababu wake walikwenda mahakamani na kusema. Hapo hakuna aliyewalazimisha kuungama.

#26 Mwanasemina

Naukubali ukweli huo, ila bado siachi hoja yangu. Katika sensa hiyo ya 2021 aliyoitaja mleta uzi, asilimia 7.5 ya wenye miaka 16 na zaidi hawakujibu swali la nani wanampenda. Wale waliojitaja kwa majina mengine yasiyo "kawaida" ni asilimia 3.2. Walionyamaza ni zaidi ya mara mbili. Ningependa kujua wamenyamaza kwa nini: hofu, uchovu, au wameona halimhusu anayeuliza. Hakuna kisanduku cha hilo.

#27 WakiliMvita

Au ni wazee tu wa kizazi cha bibi yetu. ZamuYaUsiku, umeanzisha moto ukalala?

#28 ZamuYaUsiku

Samahani wakuu, nilikuwa zamu tatu mfululizo. Nimesoma kila bandiko, mengine mara mbili.

Nesi, nimepata pia taarifa ya kamati ya Bunge ya mwaka 2022: watoto takribani 185,000 wa mama wasio na ndoa waliasilishwa, yaani walikabidhiwa kisheria kwa wazazi wengine, England na Wales kati ya 1949 na 1976. Sikujua ni wengi hivyo. Sijui ni padri, daktari, hela au sheria. Ninachoona ni kwamba katika simulizi ya bibi wote wamo: mchungaji aliyekuja nyumbani, mhudumu wa jamii aliyeleta karatasi, nesi aliyemfunga matiti maziwa yakauke, na baba yake aliyesema majirani wasijue.

Jana usiku aliendelea mwenyewe, sikumuuliza. Amesema tangu sheria ilipowaruhusu walioasilishwa kuona cheti chao cha kwanza cha kuzaliwa, miaka ya 1970, alikataa kuhama nyumba. Mumewe alipata kazi nzuri mji mwingine, akamkatalia bila kumpa sababu, wakagombana mwaka mzima. Anwani iliyo kwenye cheti kile ilikuwa ya nyumba ya wazazi wake, ndiyo waliyoirithi. Alitaka mtoto akija akute mtu. Alipoletwa hapa kituoni alimwachia jirani bahasha.

Hayo yote aliyasema kwa sauti ya kawaida.

#29 NesiLeeds

Kaka, nimesoma nikiwa kwenye basi, ikabidi niangalie dirishani.

Mambo ya haraka: England na Wales kuna rejista ya mawasiliano ya walioasilishwa, ipo tangu 1991. Mtoto anajiandikisha upande mmoja, ndugu wa damu upande mwingine. Wakilingana, mtoto anapewa jina na anwani ya ndugu. Kama yule mtoto yuko hai ana miaka karibu 70, na huenda alishajiandikisha zamani. Ila anayejaza fomu ni bibi mwenyewe, kwa hiari yake. Usijaze kwa niaba yake, na wenzako kazini usiwaambie kabla yeye hajataka.

#30 ZamuYaUsiku

Nimekuelewa dada. Naingia zamu saa mbili usiku. Akiwa macho nitamwambia rejista ipo, basi, nisiongeze neno.